Ya Kuandika, Kwaya na Karata

Kompyuta ya kwanza iliungua jioni, umeme uliporudi. Miaka ile Kibondo tulikuwa tunatumia umeme wa jenereta ya mji, na ilipowashwa baada ya mapumziko, kuna siku umeme ulikuja mwingi kuliko nyumba zetu zilivyoweza kubeba. Siku hiyo taa ya sebuleni iliwaka nyeupe kupita kawaida, ikapasuka, na kwenye meza ya mke wangu ikatoka harufu ya plastiki inayoungua. Nilikimbilia waya nikauchomoa, lakini kioo kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Mke wangu alikuwa katikati ya neno. Kidole chake kilibaki juu ya vitufe, hakikushuka wala hakikuondoka.

Friji la jirani lilikufa siku hiyo hiyo. Watu walitoka nje, wakasimama barabarani wakiulizana, kisha wakarudi ndani kupika. Mimi nilibaki nimeshika waya.

Nieleze kwanza kwa nini mashine kuukuu ilituuma kiasi kile.

Mimi ni Mpare wa Same, mwalimu wa jiografia. Mke wangu alikuwa Mngoni wa Songea, muuguzi mkunga. Serikali ilimpangia kila mmoja wetu Kibondo kwa wakati wake, tukakutana kwenye kwaya ya kanisa, mimi besi, yeye alto, wageni wawili kati ya wageni wengi walioitwa watumishi. Tulidhani tutakaa miaka michache tuombe uhamisho. Tukazaa binti, tukapanda migomba, tukaacha kuomba. Wenyeji walimwita mke wangu muganga, yaani daktari kwa Kiha chao, ingawa aliwarekebisha kila siku kwamba yeye ni nesi tu. Sokoni hatukuweza kununua hata fungu la maharage bila mama mmoja kumsukuma mtoto mbele na kusema, "Huyu ni wako, muganga. Mwamkie."

Mwaka 2012, wakati wa masika, alianguka kwenye korido ya wodi ya wazazi akiwa ndiyo kwanza anatoka zamu. Kiharusi. Upande wa kulia wote ulilala, mkono na mguu, na ulimi ukawa mzito kama si wake. Akitaka kusema, ilitoka sauti moja ndefu, ile ile kwa kila kitu. Daktari aliniita pembeni akaniambia, "Akili yake ni nzima, mwalimu. Anaelewa kila kitu, na maneno yote anayo. Ulimi ndio hauyapeleki nje."

Nilishukuru siku ile. Baadaye nilielewa alichoniambia.

Tulijaribu kalamu kwenye mkono wa kushoto. Herufi zilipandana hata yeye mwenyewe hakuweza kuzisoma. Tulijaribu simu. Simu zetu zilikuwa za kubonyeza, kitufe kimoja herufi tatu au nne, na kidole chake kilikuwa kinatetemeka, kikibonyeza mara mbili pale alipotaka mara moja. Nikachora herufi kwenye kipande cha boksi, awe ananyooshea. Hapo ndipo tulipoanza kugombana, mimi na mtu asiyeweza kusema. Akinyooshea m, a, j, mimi nasema, "Maji! Unataka maji." Kumbe alitaka kusema majirani wamekuja. Akinyooshea d, a, nasema dawa, kumbe ni dada yake. Alikuwa akilipiga lile boksi kwa kiganja, na machozi yanamtoka kwa hasira.

Binti yetu alipokuja likizo kutoka chuo Dodoma, alileta kompyuta yake ya zamani, nzito, iliyochubuka pembe, akaiweka mbele ya mama yake. Mama yake aliitazama muda mrefu. Kisha akaanza, kidole kimoja, kitufe kimoja. Sisi tulikaa tukingoja. Tulingoja neno zito. Nadhani binti alikuwa ameshaanza kulia kabla hata halijaja. Alipomaliza alikisukuma kioo kituelekee. Kilikuwa kimeandikwa: Chai haina sukari.

Miezi yote ile tulikuwa tunampa chai isiyo na sukari, tukiamini ndivyo daktari alivyotaka. Hakuna daktari aliyetaka hivyo. Tulicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Sentensi ya pili aliyoniandikia, tukiwa wawili, ilikuwa hii: Usinimalizie maneno.

Basi kompyuta ile ikawa kinywa chake. Aliandika anachotaka, akamaliza, ndipo akaigeuza. Mchana nikiwa shuleni alisikiliza kwaya, akacheza karata zile za kwenye kompyuta, za mtu mmoja. Hakuwa na matumizi mengine. Wala hatukuwa na intaneti ya maana pale. Mwaka mzima tuliishi hivyo, na naweza kusema tuliishi.

Kwa hiyo ilipoungua, nilimpelekea fundi wa mjini, kijana aliyekuwa akitengeneza redio na simu. Aliifungua, akainusa, akanionyesha mahali palipokuwa peusi.

"Bodi yote imeondoka, mzee," akasema.

"Na alichoandika humo ndani?"

"Nimejaribu. Hakisomeki." Alifunga skrubu zote, moja baada ya nyingine, ingawa hapakuwa na haja. "Pole sana. Mpe pole na muganga. Mdogo wangu alizaliwa mikononi mwake."

Fedha ya kununua nyingine ilikuwepo. Si hilo lililotusumbua. Kilichotusumbua ni kwamba kila mtu alijua ninunue ipi. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akifundisha kompyuta shuleni alikuja nyumbani kutushauri.

"Usichukue kitu kidogo, mwalimu, utajuta," akasema. "Chukua yenye nguvu, yenye kioo kikubwa. Utakaa nayo miaka kumi bila wasiwasi."

Mke wangu alikuwa amerudi kwenye lile boksi la herufi. Alinyooshea polepole, nami nikajizuia nisimalizie: M, i, a, k, a. Kisha k, u, m, i. Kisha akainua jicho lake la kushoto, nusu ya uso ikatabasamu. Mwenzangu hakuelewa. Mimi nilielewa, nikajifanya sikuelewa.

Mgeni alipoondoka alinyooshea tena: Nitachagua mwenyewe.

"Maduka yako Kasulu, mama," nikamwambia. "Barabara unaijua."

Akanyooshea herufi mbili tu: N, a. Akasimama hapo. Ilikuwa mara ya kwanza kuniachia nimalizie, na sikujua nimalizie vipi. Na iwe hivyo? Na wewe utanipeleka? Nilisema, "Sawa."

Dereva wa hospitali, aliyefanya naye kazi miaka mingi, alikuwa na safari ya Kasulu, akatupa nafasi ya mbele. Tulimfunga kwa khanga ili asiyumbe. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limepaka hadi majani ya migomba iliyo mbali na barabara. Alitazama dirishani njia nzima. Tulipopita wanawake waliobeba mizigo ya muhogo, mmoja alimtambua, akashusha mzigo na kupunga mkono. Mke wangu aliinua wake wa kushoto, akaushikilia juu hadi tulipopinda kona.

Kasulu wakati ule ilikuwa na kompyuta za mitumba nyingi kuliko kawaida. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilikuwa imefungwa, Warundi wamerudishwa kwao, na ofisi zilizokuwa zikihudumia kambi zimefunga virago. Meza, viti, mapazia, majiko, vyote viliingia mjini, na kompyuta pia. Duka la kwanza tulilofika lilikuwa la kijana mmoja mchangamfu aliyezipanga juu ya meza kama mikate.

"Mzee, hizi ni jembe," aliniambia, akanipa mimi mkono, si mke wangu. "Za ofisini. Hazina longolongo. Mama anaumwa?"

"Mama ndiye mnunuzi," nikasema.

Alimtazama haraka, kisha akanirudia mimi. "Atatumia kufanyia nini?"

"Kuandika kidogo. Muziki. Karata."

"Hiyo kazi ndogo sana kwa mashine hii. Ni kama kuchukua lori kubebea chumvi." Akacheka, akaiwasha moja na kumsogezea.

Mke wangu alikuwa amezoea vitufe vya kompyuta yake. Kidole kilijua njia, macho yalikaa kwenye kioo. Aliandika neno moja kwa umakini wake wa kawaida, na kilichotokea ni hiki: hqbqri. Akalifuta. Akaandika tena. Hqbqri. Akageuza uso kunitazama, na niliona hofu ambayo sikuwahi kuiona machoni mwake, hata siku ya korido. Alidhani ni kichwa chake.

Nikainama kutazama vitufe. Pale pa A palikuwa na Q. M ilikuwa imehamia upande mwingine kabisa.

"Ah, hiyo ni kibodi ya Kifaransa," kijana akasema. "Wenyewe walikuwa watu wa huko. Nyingi hapa ziko hivyo. Siyo tatizo, tunabandika vikaratasi juu ya herufi, anazoea. Mimi mwenyewe nimezoea."

"Umesikia?" nikamwambia mke wangu. "Ni mashine. Ni mashine yao tu, imepangwa tofauti."

Alishusha pumzi ndefu. Alikuwa ametoka jasho juu ya mdomo. Nikamfuta kwa ncha ya khanga, nikamwegemeza begani kwangu, tukatoka. Kijana alitufuata hadi mlangoni akitaja vikaratasi vyake.

Duka la pili lilikuwa la mzee mmoja wa Kiislamu aliyekuja Kasulu akiwa kijana kutoka Tanga, akauza vitenge, akauza redio, na sasa aliuza simu, taa za sola na kompyuta chache mpya ambazo jamaa zake walimtumia kutoka pwani. Alikuwa na kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa kamba. Alitoka nyuma ya kaunta, akaleta kiti chenye mikono, akakishikilia kisisogee mke wangu alipokuwa anakaa.

"Karibu mama. Karibu mwalimu." Alijuaje mimi ni mwalimu sijui; pengine ni viatu. "Mama, unatafuta nini?"

Alimwuliza yeye. Mke wangu akanyooshea kompyuta iliyokuwa wazi kauntani, mzee akaileta mapajani mwake, akarudi nyuma hatua moja na kufunga mikono. Hakuchungulia. Mke wangu alianza kuandika. Katikati, alipokuwa anatafuta herufi, kioo kikafifia kisha kikazima. Mzee akakigusa kikawaka. Kikazima tena. Hatimaye mke wangu aliandika haraka kadiri alivyoweza: Inazima kabla sijamaliza.

"Aaa," mzee akasema. "Hiyo ina haraka. Tuifunze adabu." Akabonyeza mahali, akatafuta, akabonyeza tena. "Sasa itakaa macho hata ukilala. Endelea mama, hatuna safari."

Walikaa pale muda mrefu, wawili wao, mimi nikiwa kama msindikizaji. Kulikuwa na kompyuta tatu za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, inang'aa, sauti yake nzuri kama redio. Hiyo ndiyo niliyoitaka mimi. Niliona jioni zetu, picha za binti kwenye kioo kikubwa, labda siku moja intaneti ingefika vizuri tukaongea naye tukimwona. Nilisema yote hayo kwa sauti. Mke wangu alinisikiliza, kisha akaandika: Mimi si ofisi. Mzee wa duka alicheka kwa ndani, kifua kikitikisika.

Ya pili ilikuwa ndogo mno, ya kubebwa kwa mkono mmoja, nyepesi kama daftari. Aliipenda, niliona alivyoipapasa. Lakini vitufe vyake vilibanana, na kidole chake kilishika viwili kwa pamoja kila mara. Alijaribu, akajaribu, akaiweka kando mwenyewe.

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, ya kati, haina uzuri wowote. Mfuniko wake ulifunguka kwa mkono mmoja. Mzee aliikalisha mapajani mwa mke wangu, akamwuliza kama inamlemea. Alitikisa kichwa. Akamwekea nyimbo, akamtafutia karata. Mke wangu alicheza mchezo mmoja mzima wa karata pale dukani, wateja wakiingia na kutoka, akashindwa, akaanza mwingine.

"Betri yake inakaa," mzee akamweleza. "Na mwalimu, hapo Kibondo usichomeke ukutani moja kwa moja. Chukua na hiki." Akanipa kisanduku cha kutuliza umeme.

Mke wangu aliandika: Hii. Ya kuandika, kwaya na karata. Basi.

Akakigeuza kioo kumwelekea mzee, si mimi, na mzee akasoma yote hadi nukta ya mwisho kabla hajajibu. "Umechagua vizuri, mama. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya." Wote watatu tuliitikia amini, mke wangu kwa sauti yake ile ndefu. Watu waliokuwemo dukani waligeuka. Hakujali.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na naisema kwa kifupi kwa sababu ilikuwa mifupi. Wauguzi vijana walikuja kumuuliza mambo ya kazi, naye akawajibu kwa mistari mitatu minne, ya ukali kidogo, kama alivyokuwa wodini. Jirani yetu, mama wa Kiha aliyekuwa akituletea maharage mabichi, aliingia asubuhi na salamu yake, "Mwakeye!", naye akaandika Mwakeye kwa herufi kubwa, mama yule asiyejua kusoma akaitazama na kuitikia hivyo hivyo. Aliniandikia kwamba suruali zangu ni fupi. Aliandika kwamba besi ya kwaya imeharibika tangu niache kwenda mazoezi, na nirudi. Nikarudi.

Kisha maneno yakaanza kuharibika.

Mwanzoni ilikuwa herufi moja kurudiwa. Njjaa. Sawwa. Nilidhani ni vumbi. Nikachukua pamba na spiriti, nikasafisha vitufe kimoja kimoja, akinitazama. Siku mbili zikawa nzuri, au nilitaka ziwe nzuri. Kisha herufi zikaanza kukosekana. Mji, akaandika, nami nikamwuliza mji gani, akaonyesha kikombe. Kisha yakaja maneno ambayo sikuweza kuyapatia maana hata kwa kuyasoma kwa sauti, na yeye aliyatazama kwenye kioo kwa namna ya mtu anayesoma barua isiyo yake.

"Vitufe hivi vibovu," nikamwambia. "Mashine mpya za siku hizi hazina uimara. Nitairudisha."

Aliweka kiganja juu ya kompyuta. Nilifikiri anasema nisiichukue kwa sababu hataki kubaki bila. "Jumamosi nikienda, Jumamosi hiyo hiyo nimerudi," nikamwambia, nikaikunja.

Nilikwenda Kasulu peke yangu, kompyuta nimeifunga kwenye koti. Mzee alinitambua kabla sijasema.

"Mama hajambo?"

"Kompyuta ndiyo yenye matatizo," nikasema. "Inaruka herufi. Nyingine inarudia. Nimesafisha, haikusaidia."

Aliivua koti taratibu, akaiweka kwenye kaunta, akavaa miwani yake. Akaandika sentensi moja. Niliisoma nikiwa upande wa pili, kichwa chini miguu juu: Kasulu leo kuna baridi na mawingu. Haikukosa herufi. Akaandika nyingine, ndefu zaidi. Akabonyeza vitufe vyote kwa mstari, kutoka mwanzo hadi mwisho, na vyote vikaja.

"Jaribu A," nikamwambia. "A ndiyo inayosumbua."

Akaandika A, akaandika A nyingi, mstari mzima wa A.

"Jaribu tena haraka."

Akajaribu haraka. Kisha akaondoa mikono yake juu ya vitufe na kuiweka ubavuni.

"Mwalimu," akasema, "mashine hii ni nzima."

Nje mtu alikuwa anapakua mabati kutoka kwenye gari. Nilisikiliza mabati. Nilikuwa nimesafiri njia ile yote nikiwa na jambo moja tu la kuamini, na mzee yule alikuwa ameniondolea kwa heshima kubwa, bila haraka, mbele ya rafu ya chaja za simu.

"Nikubadilishie?" akaniuliza baadaye. "Ninayo nyingine kama hii. Kama ukitaka, nakupa."

"Si umesema ni nzima?"

"Ni nzima."

Tulitazamana. Niliichukua nyingine. Nilijua ninachofanya, na yeye alijua. Alihamisha nyimbo zake zote za kwaya, akalegeza ile haraka ya kuzima, akaifunga yeye mwenyewe ndani ya koti langu. Aliponipa mkono aliushikilia kidogo. "Mfikishie salamu zangu," akasema. "Zifike zote."

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa kitandani, jirani amekaa naye. Jirani alituaga, nami nikamwinua mke wangu, nikamwekea mto mgongoni, nikaweka kompyuta mapajani mwake.

"Nimepewa nyingine," nikasema. "Mzee amekiri ile ilikuwa na kasoro. Hii ni mpya kabisa."

Hakuwa mjinga. Alikuwa amewauguza watu wa kiharusi kabla mimi sijajua neno lenyewe. Alitazama vitufe kwa muda mrefu mno, kisha kidole kikaanza. Kilishuka, kikakosea, kikafuta, kikashuka tena. Sikumalizia. Namshukuru Mungu kwamba walau siku ile sikumalizia. Ilipokuwa tayari hakukigeuza kioo. Niliinama mimi nikasoma.

si mashn

Na chini yake, baada ya muda mwingine:

ni mmi

Nikamwambia hapana. Nikamwambia uchovu, nikamwambia baridi ya Julai inakakamaza vidole vya kila mtu. Alinisikiliza kama wakunga wanavyowasikiliza waume mlangoni. Halafu akaweka kidole chake kwenye midomo yangu.

Daktari aliyempima wiki ile alikuwa mgeni, kijana wa Mbeya aliyetoka chuo karibuni. Alikuwa mkweli. Alisema hivi ni viharusi vidogo vidogo, vinakuja bila kelele, kila kimoja kinaondoka na kitu. Alituongezea vidonge vya presha. Nilimwuliza kama tungefika hospitali ya Bugando, Mwanza, kingebadilika nini. Alimtazama kwanza mke wangu, kama mtu anayeomba ruhusa kwa mkubwa wake wa kazi. Mke wangu akafumba macho na kuyafumbua.

"Kwa kweli, mwalimu," akasema kijana, "safari itamchosha tu."

Baada ya hapo mke wangu alicheza karata. Alizicheza vibaya, akiziweka nyekundu juu ya nyekundu, mashine ikizikataa na kuzirudisha, naye akiziweka tena. Kisha karata zikaachwa. Kwaya ilibaki. Nilikuwa namwekea asubuhi kabla ya kwenda shuleni, na nikirudi mchana nakuta nyimbo zimezunguka na kurudi mwanzo, naye amekaa vile vile nilivyomwacha, mate yamelowesha kola. Siku moja, nikiwa nimekaa naye, alinyoosha mkono wa kushoto, akashika mfuniko, akaufunga. Nikaufungua. Akaufunga tena. Sikuufungua tena.

Binti alikuja, akakaa, akarudi chuoni, akaja tena. Alimwuliza mama yake maswali ya kujibiwa kwa macho, ndiyo na hapana, na mwanzoni macho yalijibu. Baadaye alipouliza, macho yalikwenda dirishani na kubaki huko. Binti alinifuata uani nikifua mashuka.

"Baba, ananisikia?"

"Daktari anasema anasikia."

"Wewe unasemaje?"

Nilikamua shuka.

Mwaka 2015 masika yalipokuja, mabasi na malori ya wakimbizi yalianza tena kushuka kutoka mpakani mwa Burundi. Watu waliokuwa wamerudishwa kwao walirudi tena, wengine wakiwa na masufuria yale yale. Mji ulijaa magari, wauguzi wakaitwa kusaidia kambini, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akija kumnyoosha mke wangu mkono naye akaenda. Simlaumu mtu. Hata yule mtaalamu angebaki, kilichokuwa kinanyooshwa kilikuwa kimeshaondoka.

Alifariki mchana wa siku ya kazi. Nilikuwa darasani, kidato cha tatu, tunasoma ramani. Jirani yetu alikuja hadi kwenye ua wa shule, akasimama pale nje akiwa na vumbi miguuni, hakuita, hakupunga. Nilimwona kupitia dirishani nikaweka chaki chini.

Tulimzika Kibondo. Walikuja wanawake wengi kuliko nilivyoweza kuwahudumia, na watoto wao, wengine wakubwa wenye ndevu. Kaka zake wawili walitoka Songea, lakini njia ni ndefu na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Walifika kaburi limeshafunikwa. Walisimama pale, wakaweka udongo kidogo kwa mikono, tukarudi nyumbani. Baada ya kula, mkubwa wao aliniuliza dada yao alisema nini mwishoni.

Nikamwambia hakusema kitu.

"Hata ishara?"

"Hata ishara, shemeji."

Alitikisa kichwa muda mrefu. Alikuwa mtu mzima, amekuja njia yote hiyo, na nilimwona anavyotafuta swali jingine la kuniuliza, asilipate. Kesho yake niliwasindikiza stendi. Jumatatu nilirudi darasani. Ramani ilikuwa bado ubaoni, hakuna mwanafunzi aliyeifuta, nikaendelea pale nilipoishia, mistari ya kontua na namna ya kutambua bonde.